Kung'atuka Dukani: Daftari la Mama na Kambi ya Mtendeli

Mama yangu ana duka katika senta ndogo wilayani Kakonko, si mbali na palipokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Si duka la kutisha. Sabuni za miche, chumvi, mafuta ya kupima, betri, viberiti, madaftari ya shule, dagaa wa Kigoma kwenye beseni, na benchi nje ambalo halijawahi kukosa mtu. Mwaka huu aliniita nyumbani, akanikalisha kwenye benchi hilohilo.

"Mwanangu, wewe si unaandika habari za watu? Niandikie namna ya kutoka."

"Kutoka wapi, mama?"

"Dukani. Walimu wanastaafu, manesi wanastaafu, hata askari anaagwa kwa mbuzi. Mimi nitastaafu lini?"

Ametimiza miaka 60. Angekuwa mtumishi wa serikali, hiyo ndiyo siku ya lazima ya kurudisha funguo za ofisi, na kama angechoka mapema angeweza kuomba kuondoka akiwa na 55. Mwenye duka hana barua ya namna hiyo. Tunalo neno zuri, kung'atuka, ambalo Mwalimu Nyerere alilichukua kwenye Kizanaki chake na kulifanya la taifa zima alipoachia urais mwaka 1985 na kwenda zake Butiama kulima. Lakini tumelitunza neno hilo kwa ajili ya wanasiasa, tena wachache. Sijawahi kumsikia mtu akisema muuza chumvi kang'atuka. Muuza chumvi hufilisika, hufukuzwa, au hufa.

Kama mwandishi wa habari nimekaa kwenye semina za ujasiriamali mpaka soda zake zimenichosha. Namna ya kuanza biashara, namna ya kuandika mchanganuo, namna ya kupata mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hata siku moja sijamsikia mwezeshaji akifundisha namna ya kufunga. Kwa hiyo nilipopewa kazi na mama nilifanya ninachokijua: nikaanza kusoma, kutafuta nani katika upande wetu huu aliwahi kutoka kwenye biashara kwa mpango wake mwenyewe, akaishi vizuri baadaye.

Wa kwanza niliyempata alinitia aibu. Ni Hamed bin Muhammed, Tippu Tip. Misafara yake ya pembe na ya watu waliotekwa ilijulikana kuanzia pwani mpaka ndani kabisa ya Kongo, na Ujiji, hapa kwetu Kigoma, palikuwa moja ya vituo vya njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alirudi Unguja na hakwenda bara tena. Alikuwa na mashamba ya mikarafuu, alikuwa na nyumba, na alikuwa na muda wa kutosha kuandika maisha yake kwa Kiswahili, kitabu ambacho Mjerumani Heinrich Brode alikitoa mwanzoni mwa karne iliyofuata na ambacho mara nyingi hutajwa kuwa wasifu wa kwanza wa mtu kujiandikia katika lugha yetu. Alifariki mwaka 1905, nyumbani kwake. Hata yeye hakutoka safi: mshirika wake wa zamani, Muhammad bin Khalfan, yule Rumaliza wa Ujiji, walifikishana mahakamani kuhusu mali ya ushirika wao. Lakini alitoka. Alijua lini, aende wapi, na ale nini. Inauma kwamba mfano wangu wa kwanza wa mtu aliyepanga uzee wake ni mfanyabiashara aliyekatisha uzee wa maelfu ya wengine.

Baada yake, nilichokuta ni orodha ya amri.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki na kampuni kubwa zikawa mali ya umma. Aprili 1971 zikafuata nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za familia za Kihindi zilizokuwa na duka chini na vyumba juu. Mtu aliyekuwa amejenga jengo ili kodi imlishe uzeeni aliamka hana uzee. Siandiki haya kutetea kila mwenye nyumba. Nasema tu kwamba kwa watu hao jengo ndilo lilikuwa pensheni. M.G. Vassanji ameandika riwaya nzima, The Gunny Sack, kuhusu familia za namna hiyo, kuanzia duka la babu mpaka wajukuu waliotawanyika.

Mwaka 1972 jirani yetu Idi Amin alitoa siku 90 kwa Wahindi wa Uganda. Tangazo lilitoka mwanzoni mwa Agosti, mwisho ukawa Novemba 8. Siku 90 zinasikika nyingi mpaka ujaribu kuuza duka wakati kila mwenye duka katika mtaa wako anauza lake wiki hiyohiyo. Nani atanunua? Kwa kweli wengi hawakuuza, waliacha funguo. Uingereza iliunda bodi maalumu ya kuwapokea na kuwatafutia makazi, na Uganda ikaunda chombo cha kushika mali zilizoachwa, ambazo wenyewe walianza kurudishiwa kwa wingi miaka ya 1990 tu. Yaani kulikuwa na ofisi ya kushughulikia watu na ofisi ya kushughulikia majengo. Hapakuwa na ofisi ya kushughulikia daftari la madeni, wala mteja wa miaka 20, wala ile sifa ya kwamba kwa fulani mizani haidanganyi.

Halafu 1976, hapa kwetu, ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yachukue nafasi. Serikali ililegeza msimamo baada ya muda mfupi, kwa sababu mahali pengi duka la mtu lilifungwa kabla la kijiji halijawa na chumvi. Mama alikuwa mtoto wa shule. Anachokumbuka ni babu akihamishia vitenge chini ya kitanda, na kwamba kuanzia hapo babu hakuweka tena mtaji mkubwa mahali ambapo mtu anaweza kuuona.

Nadhani hapo ndipo penye fundisho ambalo watu wa duka wa kwetu walilichukua na kulirithisha: usipange mwisho, mwisho una wapangaji wake. Weka mtaji mwepesi, wa kubebeka. Kitambaa, baiskeli, ng'ombe wawili kwa shemeji. Ukifika mwisho, kimbia na ulichoshika.

Lakini yote hayo ni ya vitabuni. Mtendeli niliiona.

Kambi hiyo ina maisha mawili. Ya kwanza ni ya miaka ya 1990, wakati Warundi walipokimbia vita iliyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, na Kibondo ikawa na kambi nyingi: Kanembwa, Mkugwa, Nduta, Mtendeli, baadaye Karago. Enzi hizo Kakonko ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Kibondo. Mwaka 1997 kulikuwa na msako uliowakusanya kambini Warundi waliokuwa wakiishi vijijini, wengine kwa miaka mingi sana. Walikuwa na mashamba, wake, waume, vibanda vya bia ya ndizi. Wengi hawakupewa hata muda wa kufunga mlango. Upande wa Kasulu, kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na zaidi ya watu 30,000 wakarudishwa Burundi katika miezi michache.

Maisha ya pili ya Mtendeli yalianza Januari 2016, Nyarugusu ilipojaa baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka uliotangulia. Ndipo duka la mama lilipopata miguu. Wakimbizi walipewa unga wa mahindi, njegere kavu, mafuta, chumvi. Wengi wao, kama sisi Waha, ugali wanaoutaka ni wa muhogo. Basi unga wa mahindi ulitoka, wa muhogo ukaingia, na katikati palikuwa na watu kama mama. Lugha haikuwa shida, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Unasalimia "amahoro" na mazungumzo yanaendelea. Kambini kulikuwa na mafundi cherehani, vinyozi, wachaji simu, wasuka vikapu, wakaanga mandazi. Sheria ilimtaka mkimbizi asivuke kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo masoko ya pamoja, ambako mkimbizi na mwenyeji waliuziana, yalikuwa kila kitu. Kwa wengine ilikuwa ndiyo dunia yote.

Kisha yakaanza kubanwa. Septemba 2017 misafara ya kurudi Burundi kwa hiari ilianza. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilijitoa kwenye mpango wa kimataifa ambao, pamoja na mengine, ungewapa wakimbizi nafasi zaidi ya kujitegemea. Kati ya 2018 na 2019 masoko ya pamoja ya kambi za Kigoma yalifungwa. Agosti 2019 serikali hizi mbili zikakubaliana kuharakisha marejesho. Mwishoni mwa 2021 Mtendeli ikafungwa, na waliobaki wakapelekwa Nduta.

Sasa fikiria wewe ni kinyozi pale. Una mashine mbili, kioo, kiti, paneli ndogo ya jua. Mtaji wako mkubwa hauonekani: ni vichwa vya watu wa kanda yako, wanaokuja kwako kwa sababu unajua nani ana kidonda nyuma ya sikio. Unaandikisha jina la kurudi. Mashirika yanakupangia basi, yanakupangia chakula cha kuanzia, yanakupima afya. Ni msaada wa kweli na sitaki kuudharau. Watu zaidi ya 100,000 walirudi kutoka Tanzania katika miaka hiyo, na kumsafirisha mama mjamzito na watoto wanne kuvuka mpaka si kazi ndogo. Lakini kinyozi alirudishwa kama mkimbizi. Hakurudishwa kama kinyozi. Kile kiti hauwezi kumwuzia jirani, naye anaondoka Alhamisi ijayo. Eneo si lako, kwa hiyo huwezi kudai kilemba kama anavyodai mwenye fremu ya Kariakoo anapomwachia mwenzake. Unabaki na mtu mmoja tu wa kumuuzia: mwenyeji.

Na mwenyeji huyo alikuwa mama yangu.

Katika kona ya duka pana cherehani, nyeusi, imefunikwa khanga. Nimeizoea kama fenicha. Mwaka huu tu, tukihesabu mali ya dukani, ndipo nilipouliza ilitoka wapi.

"Kwa fundi mmoja wa kambini," alisema. "Alitaja bei. Nikampunguza. Akakubali." Akanyamaza kidogo. "Alikubali haraka mno."

Hakuwahi kuishona hata pindo. Alisema alikuwa ananunua ili amsaidie, na naamini. Pia alisema alijua kwamba fundi hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka, na hilo nalo naliamini.

Halafu tukafungua daftari.

Mtu akisema daftari la duka unafikiria madeni ya wateja. Yapo. Majina ya kambini yameandikwa kwa kanda na namba ya kijiji cha kambi, maana majina yanafanana. Wengine wamekatwa kwa mstari, wamelipa. Mmoja alikuja jioni ya mwisho na galoni ya mafuta ya msaada ili aondoke bila deni, na mama amemwandikia pembeni "AMEMALIZA" kwa herufi kubwa kama cheti. Wengine hawakukatwa na hawatakatwa; mama alishawasamehe, au angalau anasema hivyo. Ila nyuma ya daftari, ukilipindua, kuna kurasa tatu za madeni yake yeye. Vikapu alivyochukua mali kauli kwa msukaji. Mandazi ya wiki mbili. Maharage ya mwanamke ambaye basi lake lilitangulia siku moja kabla ya siku waliyoambiwa. Yeye ndiye aliyebaki anadaiwa.

"Ndiyo maana sijafunga," akasema. "Dawa ya deni ni kulipa. Nitamlipa nani?"

Nilikwenda Kakonko nikidhani kazi yangu ni hesabu. Nikakuta mtu amekaa dukani miaka kadhaa ya ziada akingoja wadai wake watokee barabarani.

Wasomaji wa riwaya mtakuwa mmeshamkumbuka Yusuf wa Abdulrazak Gurnah, katika kitabu ambacho sasa tunacho kwa Kiswahili kama Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis. Baba yake ana hoteli, biashara imemshinda, deni limekua, na namna yake ya kutoka ni kumtoa mtoto kwa tajiri anayemdai. Nilikisoma chuoni kama kitabu cha ukoloni na safari. Nilipokirudia baada ya kukaa na lile daftari nilikisoma kama kitabu cha mwenye biashara ambaye hakuwa na mlango wa nyuma.

Mlango wa nyuma niliukuta mahali ambapo sikuupa heshima: kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama. Tunavijua wote. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 ukitangazwa na shirika la CARE, na leo umejaa vijijini kwetu. Mama yumo katika kimoja, na anasema wanawake wa kambini nao walikuwa na vyao. Nilikuwa navitazama kama biashara ya shilingi ndogo. Sikuwa nimegundua kwamba ndicho chombo pekee cha fedha katika senta yetu kinachoanza kwa kukubaliana siku ya kuisha. Kabla ya hisa ya kwanza kugongwa muhuri, wanachama wanajua mzunguko utafungwa lini, kwa kawaida ndani ya mwaka. Wiki kadhaa kabla ya hapo mikopo mipya inasimamishwa. Madeni yanaitishwa. Siku ikifika, sanduku linamwagwa mezani mbele ya wote, kila mtu anapata kwa hisa zake, na anayetaka kuondoka anaondoka bila ugomvi. Anayetaka kubaki anaanza upya.

Kinyozi wa Mtendeli alipewa tarehe na mtu mwingine. Na ile tarehe ikikosekana kabisa ni shida pia. Warundi wa 1972 waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wapatao 162,000, walikubaliwa uraia wa Tanzania, lakini kwa miaka kadhaa waliambiwa watahamishwa kwenda mikoa mingine, na uhamisho wenyewe ukasimamishwa mwaka 2011 kabla haujafanyika. Nani anapaka duka rangi akiwa hajui kama mwakani atakuwa mkoa gani?

Kwa hiyo tuliamua kulitendea duka kama sanduku. Siku yetu ni baada ya mavuno ya maharage, watu wakiwa na hela. Kukopesha kulikoma miezi mitatu kabla, na nilibandika tangazo mlangoni. Mama alilisoma, akaniambia nimeandika kwa ukali, akaandika lake. Mamlaka ya mapato inabidi ipewe taarifa rasmi, kwa sababu mfanyabiashara mdogo anayelipa kwa makadirio akifunga kimyakimya, makadirio hayafungi. Leseni halmashauri, vivyo hivyo. Bidhaa tulihesabu usiku mbili. Binti wa dada yangu atalichukua duka kwa awamu, na mama alishangaa nilipomwambia kwamba atalipwa pia kwa ajili ya wateja, si kwa rafu na sabuni tu. "Watu nao wanauzwa?" Nikamweleza habari ya kilemba. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akataja kiasi cha juu kuliko nilichokuwa nimefikiria.

Sehemu ya fedha hizo itakwenda kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambako kipande kinanunulika kwa hela kidogo, sehemu kwenye migomba, sehemu ibaki kwenye kikundi. Hayo yalikuwa mepesi. Gumu lilikuwa asubuhi. Mama hafungui duka saa kumi na mbili kwa sababu ya wateja. Anafungua kwa sababu hapo ndipo anaposalimiwa. "Nikikaa nyumbani nitajuaje nani kafiwa?" Hakuna semina niliyowahi kuhudhuria yenye jibu la swali hilo. Tumekubaliana kwamba benchi halimo kwenye mauzo. Ni lake, na atakalia anapotaka.

Kurasa tatu za nyuma tumezipunguza. Msukaji wa vikapu tulimpata kwa simu, yuko Nduta. Alikuwa amesahau idadi, mama akamkumbusha kwa kumsomea daftari. Wa mandazi alirudi Burundi, na mtu wa kanisani anayevuka mpaka amechukua fedha yake, tunasubiri jibu. Wa maharage bado. Fundi hayumo daftarini, maana alilipwa, lakini mama ameandika jina lake chini ya ukurasa wa mwisho na kiasi ambacho anaona kilipungua kwenye cherehani. Hakuniuliza. Nilikuta tu mwandiko mpya.

Mpaka naandika haya duka halijakabidhiwa. Mpwa wangu anasema mizani ni sehemu ya duka na imo kwenye bei. Mama anasema mizani ni yake, aliinunua kabla binti huyo hajazaliwa, na anataka kwenda nayo nyumbani. Nimemuuliza atapima nini. Ananiambia nisiingilie.